Enaiposha: maji yaliyo mbali kuliko Ndakaini

Saa tisa usiku, Dandora Phase 2, mfereji wa ploti umeanza kukohoa. Kama umekulia Eastlands unaijua hiyo sauti. Kwanza hewa, halafu kutu, halafu uzi mwembamba wa maji ya rangi ya chai. Mathe huwa ameshaamka kabla mimi nisikie. Mitungi yetu imepangwa kwa koridoo na ya majirani iko nyuma yake, na ukilala zamu ikupite, kesho ni kununua kwa mkokoteni: mbao kwa mtungi ikiwa wiki nzuri, hamsini ikiwa wiki mbaya.

Usiku mmoja nikiwa kwa hiyo foleni, simu mkononi, bandoo zikikaribia kuisha, nikakutana na jina Enaiposha. Ni jina la sayari. Si lakabu ya mtu fulani mtandaoni, ni jina rasmi lililopitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, na waliolipendekeza ni timu kutoka Kenya. Sayari yenyewe ndiyo imekuwa ikitajwa kati ya zile za kwanza, miaka na miaka, kila wanasayansi wakizungumzia dunia nyingine ambayo huenda imejaa maji.

Manze, nilicheka peke yangu pale kwa koridoo mpaka mathe akaniuliza kama niko sawa. Mtungi wangu ulikuwa nusu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuata hii stori, na kadiri nilivyoifuata ndivyo iliacha kuwa stori ya anga peke yake. Inapita Naivasha, inapita Malindi, inapita hata kwa choo cha ploti yetu. Vumilia kidogo, nitafika huko.

Tuanze na sayari. Desemba 2009, kikundi kilichoongozwa na David Charbonneau wa Harvard kilitangaza kwenye jarida la Nature kwamba kimepata sayari inayozunguka nyota ndogo iitwayo GJ 1214. Nyota hiyo iko umbali wa takriban miaka ya nuru 48. Mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mzima, na mwanga haujui jam ya Jogoo Road. Kwa hiyo mwanga ulionaswa 2009 ulikuwa umetoka kule karibu 1961, mwaka ambao Jomo Kenyatta aliachiliwa kutoka kizuizini.

Kitu kilichonifurahisha ni vifaa vyao. Mradi wao unaitwa MEarth, na uko kwenye Mlima Hopkins, Arizona. Walitumia darubini nane, kila moja na kioo cha sentimita 40. Hizo si darubini za kutisha. Ni aina ambayo mtu mwenye pesa na mapenzi ya nyota anaweza kununua akaiweka nyuma ya nyumba. Ujanja wao ulikuwa wa kuchagua pa kuangalia. Badala ya kutafuta sayari kwenye nyota kubwa kama jua letu, walienda kwa nyota kibete nyekundu, zile ndogo, hafifu, ambazo wengi walikuwa wanaziruka.

Fikiria ile mulika mwizi ya stejini. Kumbikumbi mmoja akipita mbele yake, huoni tofauti yoyote, taa ni kubwa mno. Lakini kumbikumbi huyohuyo akipita mbele ya tochi ya simu yako, unaona kivuli. GJ 1214 ni ile tochi ya simu. Upana wake ni kama moja ya tano tu ya upana wa jua. Kila baada ya saa 38 hivi mwanga wake unapungua kwa kama asilimia 1.4, halafu unarudi. Ukiwa na shilingi mia, hiyo ni kama mtu kukuibia shilingi moja na senti, na kuja kwa saa ileile kila mara. Walipima na kurudia wakajua kuna kitu kinapita mbele.

Kiasi cha mwanga kinachopotea kinakuambia ukubwa wa hicho kitu: upana wake ni kama mara 2.7 ya Dunia. Kisha darubini nyingine huko La Silla, Chile, ikapima jinsi nyota inavyoyumba ikivutwa na sayari, na hapo ndipo uzito ulipatikana. Vipimo vya karibuni vinasema ni kama mara 8 ya uzito wa Dunia.

Sasa hapa ndipo maji yanaingia. Mtu akikupa mtungi umefunikwa, ukaunyanyua, unaweza kukisia ndani kuna nini. Ukiwa na mawe utavunjika mgongo. Ukiwa mtupu utaurusha. Ukiwa na maji, sisi watoto wa Dandora tunajua ule uzito bila kufungua kifuniko. Dunia yetu, ukigawa uzito kwa ujazo, inatoa gramu 5.5 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa sababu ni mawe na chuma. Hiyo sayari inatoa kama gramu 2. Ni nyepesi mno kuwa mawe tupu. Wanasayansi walikuwa wameshaanza kuandika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba lazima kuna sayari za bahari tupu mahali fulani, sayari ambazo maji si ngozi nyembamba kama hapa kwetu bali ni sehemu kubwa ya mwili wake. Na sasa hapa kulikuwa na kitu cha kunyanyuliwa, na kilikuwa na uzito wa mtungi wa maji.

Lakini, na hii lakini ni muhimu, mtungi wenye mawe chini na hewa nyingi juu unaweza kuwa na uzito uleule. Yaani inaweza kuwa sayari ya mawe iliyovaa koti nene la haidrojeni. Uzito peke yake hauwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 10 watu wameing'ang'ania. Darubini ya Hubble iliikazia macho mara nyingi, na 2014 majibu yakatoka: hawaoni kitu. Angahewa yake imefunikwa na mawingu au ukungu mzito, mwanga haupenyi. Ni kama kuchungulia ndani ya mat yenye vioo vyeusi.

Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, ikaja na mbinu nyingine. Badala ya kulazimisha kuona kupitia ukungu, ikapima joto la sayari kwa karibu saa 40 mfululizo, mzunguko mzima. Matokeo yalitoka 2023. Upande wa mchana ni nyuzi 279 za selsiasi, upande wa usiku ni 165. Ukungu wake unarudisha mwanga mwingi angani kuliko walivyotarajia, na angahewa yake si haidrojeni tupu, ina vitu vizito zaidi, na dalili zilielekea kwenye mvuke wa maji au metheni. Mwanzoni mwa 2025 wengine wakaongeza kwamba huenda kuna kaboni dioksidi, wakaanza kuifananisha na Zuhura badala ya bahari.

Kwa hiyo usidanganywe na zile picha za rangi ya bluu. Kama kuna maji kule, hayana ufuo wala wimbi la kuogelea. Kwa joto lile na uzito wa hewa ule, maji yanakuwa kitu cha katikati, si majimaji na si mvuke. Hakuna samaki. Wanaotafuta bahari ambayo kitu kinaweza kuishi ndani yake wamehamia kwa sayari nyingine, kama K2-18 b iliyo umbali wa miaka ya nuru 124, ambayo iko mahali pazuri zaidi, si karibu sana na nyota yake. Ile habari ya Aprili 2025 ya gesi ambayo hapa Duniani hutolewa na viumbe vya baharini ilikuwa ya sayari hiyo, na wanasayansi wengine wakaipinga haraka sana. Ugomvi bado haujaisha. Mimi ningesema usitume hongera bado.

Basi nikarudi kwa jina, kwa sababu jina ndilo lilinisimamisha kwa foleni.

Agosti 2022 Umoja wa Wanaastronomia ulifungua shindano la kutoa majina kwa nyota na sayari 20 ambazo James Webb ingeziangalia mapema. Mapendekezo 603 yalikuja kutoka nchi 91. Majibu yakatangazwa Juni 2023. Timu ya Kenya ilikuwa imechagua GJ 1214, na ikatoa maneno mawili ya Kimaa. Nyota ikawa Orkaria, sayari ikawa Enaiposha.

Nilijua mtu wa kumuuliza. Soja wa ploti jirani ni mzee Mmaasai wa kutoka Narok, miaka mingi hapa mtaani, na usiku wa maji yeye huwa macho kuliko sisi sote. Nikamfuata.

"Mzee, shikamoo. Enaiposha ni nini?"

"Ziwa," akasema. "Maji mengi, ile inaenda inarudi. Kwa nini?"

Nikamwonyesha simu. Nikamweleza vile najua, kwamba hiyo ni sayari, iko mbali sana, na nyota yake inaitwa Orkaria. Hapo akacheka. "Orkaria si ni ule udongo mwekundu wa kujipaka!" Na ni kweli imekaa, kwa sababu ile nyota ni nyekundu.

Akaangalia ile picha kwa muda. "Na nani anakaa huko?"

"Hakuna mtu, Mzee. Kuna joto kama ndani ya jiko."

"Basi ni sawa," akasema. "Hawatahamisha mtu."

Alisema hivyo akarudi kwa kiti chake. Mimi sikulielewa hilo neno mpaka nilipoenda kusoma, na ndiyo sababu hasa ya haya maandishi yote.

Enaiposha ndiyo Naivasha. Wazungu walipofika pale 1883, Gustav Fischer Mjerumani na Joseph Thomson Mskoti wakifuatana mwaka huohuo, waliwasikia wenyeji wakisema jina la maji yanayoenda na kurudi, na mchana upepo unaposhuka Bonde la Ufa lile ziwa kweli linachafuka. Kwa masikio ya wageni na kwa kalamu zao, likawa Naivasha. Kusini kidogo ya ziwa, Hell's Gate, kuna Olkaria, neno lilelile la udongo mwekundu. Umeona vile timu ilivyofanya? Waliipeleka angani ramani nzima. Ziwa linalozunguka karibu na Olkaria hapa, na Enaiposha inayoizunguka Orkaria kule. Na kule ni mvuke na joto, kama Olkaria yetu, ambako stima ya mvuke wa ardhini imekuwa ikitoka tangu 1981 na kusafiri kwa nyaya mpaka kwa hii chaja yangu. Sijui ni nani kwa hiyo timu aliliwaza hilo, lakini huyo mtu ninampa heshima.

Ila sasa sikiliza yaliyowapata wenye jina.

Agosti 1904, serikali ya kikoloni iliwatia Wamaasai katika makubaliano, Olonana akiwa kati ya waliotia alama. Waliondolewa kwenye Bonde la Ufa, pamoja na malisho ya kuzunguka Naivasha, ili walowezi wapate nafasi kando ya reli. Wakagawanywa, wengine Laikipia kaskazini, wengine kusini. Waliambiwa mpango huo utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Ulidumu miaka 7. Mwaka 1911 yakaja makubaliano mengine, walowezi walikuwa wameipenda Laikipia pia, na watu wakaswagwa kusini na ng'ombe wao, wengi wakafa njiani, watu na mifugo.

Kuna wazee waliokataa wakaenda mahakamani. Hiyo kesi, ya Ole Njogo na wenzake, mngefaa kuisoma hata kama hampendi historia. Mwaka 1913 waliambiwa na mahakama kwamba wao ni taifa lenye mamlaka yake, na zile karatasi ni mikataba kati ya mataifa, kwa hiyo mahakama ya kawaida haiwezi kuisikiliza. Yaani siku ya kunyang'anywa mlikuwa raia wa kusukumwa, siku ya kudai mkawa nchi ya kigeni. Kesi ikaishia hapo.

Baada ya hapo Naivasha ikawa mashamba ya walowezi, na siku hizi ni maua. Ukiona waridi limefungwa vizuri kwenye duka la Amsterdam, huenda maji yaliyo ndani ya shina lake ni ya Enaiposha. Hata karibuni, 2014, familia za Kimaasai zilihamishwa kupisha upanuzi wa mitambo ya Olkaria. Huyo mzee kwa kiti chake hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anauliza swali ambalo watu wake hulazimika kuuliza kila jina lao linapoanza kupendwa na wageni.

Sasa rudi Nairobi nami. Jina la huu mji pia ni la Kimaa, na pia ni la maji. Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilipofika hapa 1899 palikuwa na kinamasi na vijito, na Wamaasai walikuwa wakinywesha mifugo hapo. Mji wenye jina la maji, halafu mimi nanunua maji kwa mkokoteni. Kwa ploti yetu hiyo imekuwa utani wa kudumu.

Na Dandora? Hapa kuna kitu ambacho sikufundishwa shule, nilikisoma nikiwa mtu mzima. Dandora haikujengwa kama mitaa mingine. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikopesha pesa kwa mpango wa ploti kama 6,000 za watu wa kipato cha chini. Hukupewa nyumba. Ulipewa kiwanja, mita 100 mpaka 160 za mraba, na juu yake kitu kimoja kilichokamilika: choo na mahali pa kuogea, vimeunganishwa na bomba la maji na bomba la maji taka. Vyumba ungejijengea polepole ukipata pesa. Kwa maneno mengine, kila nyumba ya Dandora ilianzia majini. Kabla ya ukuta, kabla ya mlango, palikuwa na mfereji.

Ule mfereji ulipimwa kwa ploti yenye vyumba vichache. Leo mahali pengi hapo pamesimama ghorofa tano, kila mlango na familia yake, na bado mtaa unategemea bomba za hesabu ya zamani. Maji yenyewe mengi yanatoka Ndakaini, Murang'a, bwawa lililokamilika 1994 lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, na mji umekuwa mara kadhaa tangu wakati huo. Kwa hiyo mfereji ukikohoa saa tisa usiku, hiyo ni hesabu ya 1975 inakohoa.

Na angalia hii. Mwanga ambao James Webb iliunasa kutoka kwa Enaiposha uliondoka kule katikati ya miaka ya 1970. Wakati unaanza safari, huku kwetu walikuwa wanapima viwanja. Umesafiri muda wote ambao Dandora imekuwepo.

Najua tayari kuna wawili watanijibu. Wa kwanza atasema, buda, maji hakuna na wewe unatuambia mambo ya nyota? Huyo ninamwelewa, kwa sababu mathe ndiye wa kwanza kuniambia hivyo. Lakini nilimjibu hivi: wale wazee wa 1913 walishindwa kesi kwa sababu mtu mwingine ndiye aliyeamua maneno yana maana gani. Kujua kitu kinaitwaje na kwa nini kinaitwa hivyo si starehe ya watu walioshiba. Mathe alisema sawa, lakini ulete mtungi.

Wa pili ni yule wa kupeperusha bendera. Kenya mpaka angani! Huyo ndiye anayenipa wasiwasi zaidi, maana tumeshapita hapo.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Kenya kutimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Kimarekani iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lile la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kuangalia eksirei kutoka angani peke yake. Kwa sababu ya siku hiyo na mahali hapo, ikapewa jina Uhuru. Msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke wa NASA, Marjorie Townsend. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei na ikasaidia kutufikisha kwa Cygnus X-1, kitu cha kwanza ambacho wanasayansi walikubali kwa upana kwamba ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata Nobel 2002, na aliistahili kabisa.

Lakini hesabu vizuri. Jina letu, bahari yetu, ikweta yetu ambayo ndiyo iliyowaleta, maana roketi ikirushwa kutoka ikweta inasaidiwa na mzunguko wa Dunia. Roketi yao, data yao, vyuo vyao. Niliuliza wasee 10 wa rika langu hapa stejini kama wanajua setilaiti iitwayo Uhuru. Wanane walidhani nazungumzia rais wa nne, mmoja akadhani ni Uhuru Estate, wa kumi aliniuliza kama nina mbao.

Setilaiti yetu wenyewe ya kwanza, ile ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilikuja 2018, miaka 48 baada ya Uhuru. Arubaini na minane. Ni muda uleule ambao mwanga unachukua kutoka Orkaria kuja hapa. Taifa-1 ikafuata Aprili 2023, ikibebwa na roketi ya SpaceX kutoka California. Sidharau. Ninasema tu jina linaweza kwenda mbali sana likawaacha wenyewe walipokuwa.

Pamoja na hayo yote, jina lina kazi yake, na nitawapa mfano kutoka kwa ploti yetu. Kabla ya Enaiposha kulikuwa na shindano la 2019, na Kenya ilipewa nyota iliyokuwa ikiitwa HD 83443. Hapo majina yakatoka kwa Dholuo. Nyota ikawa Kalausi, ule upepo mkali wa kuzunguka, na sayari ikawa Buru, yaani vumbi. Nilipomwambia jirani yetu mama wa Siaya, mwenye kibanda cha omena, kwamba kuna sayari inaitwa Buru, alishika kiuno akasema huku Dandora tumekuwa kwa hiyo sayari miaka mingi, upepo ukitoka upande wa dampo. Kisha akanyamaza akauliza, "Ni kweli wameandika hivyo? Buru?" Nikamwandikia kwa karatasi. Aliibandika kwa ukuta wa kibanda kando ya bei. Wateja wanamuuliza, naye anawaeleza, na anaeleza vizuri kuliko mimi. Kijana wake wa darasa la saba sasa anataka kujua sayari inapimwaje. Nilimfundisha ile ya tochi na kumbikumbi. Tulitumia nondo kwa sababu haukuwa msimu wa kumbikumbi.

Orkaria huwezi kuiona kwa macho, ni hafifu mno. Lakini iko kwenye kundi la nyota la Ophiuchus, na kwa sababu sisi tuko karibu na ikweta, kila Juni usiku wa manane inapita karibu juu kabisa ya Nairobi. Mwaka huu nilitoka na yule kijana na mitungi yetu. Mulika mwizi ilikuwa imezimika, stima zilikuwa zimepotea, kwa hivyo kwa mara moja anga lilionekana. Nikamwonyesha upande. Mzee soja naye akanyanyua kichwa kutoka kwa kiti chake, akaangalia tunapoangalia.

"Iko wapi?" akauliza.

"Hapo juu, Mzee. Hauwezi kuiona."

"Mimi naona," akasema.

Halafu mfereji ukakohoa, na zamu ilikuwa yetu.